Tupeane uzoefu: fukwe na taverna za visiwa vya Ugiriki

Mwanzisha uzi
Salaam wakuu. Kila kiangazi ndugu zetu walioko Ulaya wanauliza habari za visiwa vya Ugiriki na wanajibiwa "ni pazuri, nenda tu". Hapa tuweke mambo ya kazi: ufukwe upi kwa siku ipi, taverna, yaani mgahawa wa Kigiriki, unaagizaje, kosa gani linagharimu na kwa nini. Wenye ujuzi karibuni.

Demani
Kabla ya kuuliza ufukwe upi ni mzuri, uliza upepo unatoka wapi. Julai na Agosti Bahari ya Aegean inatawaliwa na meltemi, upepo mkavu wa kaskazini unaovuma anga likiwa jeupe kabisa. Mgeni anaona jua, anadhani bahari ni shwari. Kwa kawaida huanza kushika kasi kabla ya adhuhuri, hukolea alasiri, hulegea magharibi. Ukikaza kweli, unapiga usiku na mchana kwa siku kadhaa.

Wenyeji huutaja kwa namba za Beaufort, kipimo cha nguvu za upepo. Ukisikia 4, shindilia mwavuli wako vizuri. 5, mchanga unakuchapa miguu. 6 kwenda juu, badilisha upande wa kisiwa au panda kijijini. Utabiri wa idara ya hali ya hewa ya Ugiriki, EMY, utazame jioni ya kuamkia siku yenyewe.

Ukivuma, nenda demani, upande uliokingwa na upepo, yaani fukwe za kusini. Mfano mzuri ni kisiwa cha Milos. Sarakiniko, yale mawe meupe ya volkano, yako kaskazini. Siku ya meltemi mawimbi yanapanda juu ya mawe na kuogelea hapo ni hatari. Siku hiyo shuka Firiplaka au Paliochori. Sarakiniko iachie siku tulivu, na uende asubuhi mapema, kwa sababu hakuna kivuli hata kidogo na jiwe jeupe linakurudishia jua usoni. Tsigrado nayo iko kusini, lakini unashuka kwa kamba na ngazi katika ufa wa mwamba. Beba mkoba wa mgongoni, mikono yote miwili iwe huru. Wenye watoto wadogo waiache.

Jambo moja linaloua watu: demani, upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Maji yanaonekana kama kioo, kumbe mtoto aliyekaa kwenye boya la kujaza upepo anasukumwa nje, na kila mita anayokwenda upepo unazidi, kwa sababu anatoka kwenye kinga ya kilima. Siku ya meltemi maboya ya kujaza upepo yabaki mchangani.

Mtu wa Krete
Mkuu Demani, naongeza sharti moja. Kanuni ya kusini inafaa visiwa vyenye vilima vya kawaida. Penye milima mirefu upepo unavuka kilele na kuporomoka upande wa pili kwa vishindo, kuliko hata kaskazini. Plakias, kusini mwa Krete, inajulikana kwa hilo. Huko tafuta ghuba ndogo iliyozibwa na mwamba ubavuni, usitegemee dira peke yake.

Sasa fukwe mbili za Krete. Balos: ama boti kutoka Kissamos, ama gari kwa barabara ya vumbi kisha kushuka kwa miguu. Soma mkataba wa gari la kukodi, kwani bima nyingi hazilipi uharibifu wa tairi na sehemu ya chini ya gari kwenye barabara isiyo na lami. Elafonisi maji yake ya magotini yanawafaa watoto. Mchanga wake wa waridi hairuhusiwi kuuchukua, hata chupa moja.

Binti wa Pangani
Samahani wakuu, maji yakipwa kule inakuwaje? Mtu anatembea mbali kabla ya kuogelea?

Demani
Dada, sahau habari za kupwa na kujaa. Mediterania maji hupanda na kushuka kwa sentimita chache tu katika sehemu nyingi, hakuna bamvua. Saa ya kuogelea inapangwa na upepo na jua. Kwa Ugiriki pa kustaajabisha ni mlangobahari wa Evripos, pale Chalkida, ambako mkondo hugeuka mara kadhaa kwa siku.

Ila baridi utaiona. Mei maji ni kama nyuzi 18 au 19. Agosti na Septemba hufika 24 au 25. Aliyezoea maji ya Tanga aende Septemba: maji bado yana joto, meltemi imelegea na vyumba vimeshuka bei.

Mpishi wa Samaki
Nihamie mezani, maana hapa ndipo pesa zinapotea.

Samaki wazima kwenye menyu wameandikwa bei ya kilo, si ya sahani. Mtu anaona 60, anadhani ni mlo. Utaratibu ni huu: omba kuonyeshwa samaki kwenye barafu, chagua mwenyewe, apimwe mbele yako *kabla* hajaenda kwenye mkaa, kisha uambiwe jumla kwa euro. Uliza "Poso zigizi?", ana uzito gani. Samaki wa gramu 800 kwa 60 ya kilo ni euro 48. Uzito ni wa samaki mbichi, kwa hiyo kichwa na miiba unavilipia. Ukinyamaza hapo, bili ikija huna hoja.

Tsipoura na lavraki wengi ni wa kufugwa, gramu 300 hadi 400, mmoja anamtosha mtu. Si wabaya, lakini usilipe bei ya samaki wa bahari. Barbouni, jamaa ya mkundaji wetu, ni ghali na ana miiba. Kwa thamani ya pesa, agiza gavros au sardela: dagaa na sadini wa kukaanga au kuchoma, kwa sahani, bei nafuu.

Na upepo unarudi hapa. Kiangazi nyavu kubwa za kukokota huzuiwa, samaki wabichi wanatoka kwenye mashua ndogo. Meltemi ikipiga siku tatu mashua hazitoki. Siku ya nne, anayekuahidi samaki wa leo asubuhi muulize mara mbili. Vilivyogandishwa hutiwa nyota au "κατ." kwenye menyu, hasa ngisi na kamba. Pweza angalia kama ametundikwa kambani nje. Kukaushwa juani kunampunguzia maji, hivyo kwenye mkaa anababuka badala ya kuchemkia majimaji yake.

Mkate unaletwa bila kuuagiza na unalipiwa kwa kichwa. Usipoutaka, sema mapema. Divai ya nyumba huuzwa kwa kilo: "miso kilo" ni nusu lita, "tetarto" robo. Bili haiji mpaka uiite, kwani kuileta bila kuitwa ni kama kukufukuza. Na menyu zenyewe zimeandikwa kwamba mteja halazimiki kulipa asipopewa risiti.

Abu Salim
Kwa tusiokula nguruwe wala kilevi: mishikaki ikitajwa bila jina la nyama, mara nyingi ni nguruwe. Omba "kotopoulo", kuku. Pweza "krasato" amepikwa kwa divai. Kamba "saganaki" mara nyingi hutiwa uzo, kilevi cha Kigiriki, uliza. Salama zaidi ni samaki "sta karvouna", wa mkaani, na "ladolemono", mafuta ya zeituni na limau, pamoja na fava (dengu za njano zilizopondwa), horta (mboga za majani za kuchemsha) na horiatiki, saladi ya Kigiriki.

Kasa
Kisiwa cha Zakynthos, ghuba ya Laganas, ni mazalia ya kasa Caretta caretta na ni hifadhi ya bahari tangu 1999. Jua likizama ondokeni ufukweni, taa na kelele humrudisha jike baharini kabla hajataga. Mwavuli chomeka karibu na maji tu, maana mayai yamefukiwa kwenye mchanga mkavu wa nyuma na mti wa mwavuli huyatoboa.

Fukwe zote Ugiriki ni mali ya umma, kukaa na taulo lako ni haki. Vitanda vya kukodi haviruhusiwi ndani ya mita 4 kutoka majini, na programu ya MyCoast inapokea malalamiko tangu 2024.

Mtu wa Krete
Ukikanyaga drakaina, samaki wa mwiba anayejifukia mchangani, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nusu saa au zaidi. Sumu yake inavunjwa na joto. Taverna yoyote itakupa beseni.

Demani
Na meli: boti za kasi ndizo za kwanza kuzuiwa upepo ukikaza, meli kubwa hufuata. Mwenye ndege ya kurudi arejee Athens siku moja kabla. Karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Mama Maria, kata tiketi mapema sana, hasa ya Tinos, kisiwa cha hija ya sikukuu hiyo.