Majaribio ya sayansi darasani, watoto wanakumbuka povu tu! Nyie mnafanyaje?

mwl_makorora aliuliza:
Habari za jioni wadau, na walionitangulia kazini shikamooni. Nafundisha sayansi darasa la sita hapa Tanga mjini, nina watoto 84, maabara hatuna, kuna kabati moja lina sumaku mbili na lenzi iliyopasuka basi. Sasa wiki iliyopita nikasema ngoja nichangamshe kipindi, nikapita Mgandini nikanunua ndimu na magadi kwa hela yangu, nikawaonesha mbele ya darasa asidi na besi zinavyokutana. Aisee walishangilia mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia dirishani. Ijumaa nawapa jaribio la maandishi, ni gesi gani ilitoka pale na utaitambuaje? Waliopata ni watano. Mmoja kaniandikia "lilitoka povu jeupe na mwalimu alifurahi". Nilicheka ila roho iliniuma. Hivi nyie mnafanyaje mpaka kitu kiingie kichwani?

bintipangani:
Pole mwenzangu, hapo ulifanya mazingaombwe sio somo. Wewe ulimimina wao wakatazama. Mie kabla sijagusa kitu kila mtoto anaandika kwenye daftari kitatokea nini na kwa nini anafikiri hivyo, aandike, maana ukiuliza kwa mdomo wale watatu wa dawati la mbele watajibu na darasa zima litawafuata. Akishaandika anamgeukia jirani wanabishana dakika mbili, af nahesabu mikono naandika kura ubaoni. Ndo namimina sasa. Mtoto aliyeshaweka dau lake haangalii povu, anaangalia kashinda au kaliwa.

Na hilo lako la ndimu wala usilitupe, halijaisha. Fanyia ndani ya jagi refu au chupa uliyoikata, ndimu ziwe nyingi, povu likitulia ile hewa ya ukaa imebaki mle ndani maana ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Washa kipande cha mshumaa ndani ya kikombe, wapigie kura kama kitazima, kisha inamisha jagi taratibu kama unammiminia mtu chai ila maji yasitoke hata tone, imwagike gesi tu. Mshumaa unazima na hakuna aliyeona kitu kimemwagika. Mie hapo sijawahi kuhitaji kusema nyamazeni.

kaka_volti:
Dada wa Pangani kamaliza. Mie naongezea la umeme wa malimao maana lilinipa aibu mpaka leo nalikumbuka. Nilichukua malimao matatu, kila moja nikachomeka msumari wa bati na kipande cha waya wa shaba, nikaunganisha, nikachomoa kitaa cheupe kwenye tochi ya mchina nikakiweka. Giza totoro. Vijana wananiangalia mie nawaangalia wao. Nikageuza miguu ya kitaa nikidhani nimekosea chanya na hasi, wapi. Kesho yake nikaazima mita kwa fundi redio ndo nikaona limao moja linatoa kama volti 0.9 tu, matatu hayafiki 3, na kitaa cheupe kinataka kama 3 hivi. Nikaongeza la nne kikawaka, kiduchu tu lakini kikawaka. Kitaa chekundu kinaridhika na kama 2 kwahiyo anza na hicho ukitaka kulinda heshima. Ila kusema kweli kipindi kilichofeli ndo walichojifunza zaidi, maana ilibidi tutafute pamoja tatizo liko wapi. Limao lina umeme mwingi jamani, watu hawajui tu.

bintipangani:
Kaka volti hapo mwisho umeteleza kidogo, umeme hautoki kwenye limao. Ile zinki iliyopakwa juu ya msumari ndo inaliwa na asidi, limao ni njia ya kupitia tu. Wape viazi badala ya malimao uone kama kitaa hakitawaka.

mtumzima_duga:
Yote mazuri ila mnaongea kama mna watoto 20. Kipindi dakika 40, watoto 84, mtaala haukusubiri, na mwalimu mkuu akisikia kelele anajua hufundishi. Mie naweka makundi ya sita sita, mmoja anashika vifaa, mmoja anaandika, mmoja atasimama kusema, na msemaji namchagua mwishoni kabisa ili wote wawe macho. Bila hivyo wawili wanafanya wanne wanacheza nage chini ya dawati.

mzee_sahare:
Vijana nyie mnahangaika na magadi na bahari iko hapo. Waambieni watoto waulize kwao maji yalijaa saa ngapi, waandike kila siku kwa wiki mbili. Wataona wenyewe kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, na mwezi nao unachelewa vivyo hivyo kutoka. Bamvua, yale maji yanayojaa sana na kutoka sana, na maji mafu yanayojaa kidogo, wachoree grafu. Nilijaribu na wajukuu, aliyefahamu kwanza ni yule anayekwenda kukokota wavu wa juya na baba yake, na shuleni wanasema hana akili. Halafu angalizo, bamvua kubwa haiji siku ileile mwezi unapoandama au kupevuka, inakawia siku moja au mbili, wasije wakadhani wamekosea kuandika.

mwl_makorora:
Shikamoo mzee, hilo la bamvua nalichukua kwa mikono miwili. Wadau nimerudi na mrejesho, jana nimepiga kura ya mshumaa. 61 walisema hautazima maana hakuna maji, ulipozima kuna mtoto kapanda juu ya dawati. Nikaongezea moja, nikakoroga chokaa kwenye maji nikaiacha itulie nikachota yale maji meupe ya juu, namaanisha yaliyo safi kabisa yanaonekana kama maji ya kunywa, nikawapa wapulize kwa mrija, PULIZA USIVUTE nimesema mara kumi. Yakageuka kama maziwa. Sijawaambia kwa nini, nimewauliza tu hewa inayotoka kifuani mwenu na iliyozima mshumaa zina undugu gani. Wiki ijayo nawapa vipande vya jiwe la chokaa na ndimu waone viputo, halafu ndo tuongelee mapango ya Amboni yalivyochimbika kwa maji ya mvua yenye asidi kidogo.

Chokaa yenyewe nilienda kuomba kwa bibi jirani anayekula tambuu. Kanipa bure ila kaniangalia meno kwanza, kaniuliza, "We mwalimu, umeanza lini?"