Nitapata wapi taarifa za tiba zenye ushahidi?

Tabibu wa kijijini: Ndugu wanataaluma, kitabu pekee kilichopo mezani kwangu kimechanika kurasa za kifafa cha mimba. Nitapata wapi maelezo ya kuaminika bila malipo?

Mfamasia: Anza na mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya, kwa kuwa umeandikwa kwa kufuata dawa zinazopatikana nchini. Kisha uongozi wako uombe kusajiliwa Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002, ambao hufungulia taasisi, si mtu binafsi, majarida ya kulipia.

Mkunga: Naongeza Cochrane, maktaba ya mtandaoni ambako majaribio ya tiba yanayojibu swali moja hukusanywa na kupimwa kwa pamoja, humo utasoma kwamba dawa ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Muhtasari husomwa bure.