Mrejesho: kupiga picha za treni stesheni bila kuzuiwa na walinzi
Asanteni sana wadau mliojibu swali langu la namna ya kupiga picha za treni stesheni bila kuzuiwa. Kilichosaidia zaidi ni barua kwa stesheni masta ikitaja tarehe, saa na jukwaa, kisha kuripoti kwake kabla kamera haijatoka kwenye begi. Kibali kimetoka, ila tripodi (stendi ya kamera ya miguu mitatu) imekataliwa kwa kuwa inaziba njia ya abiria. Basi jioni ni ISO 3200 (kipimo cha kamera kuhisi mwanga, hapa kimepandishwa juu), maana treni inayotembea inataka kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde au zaidi, na hapo mwanga unaoingia ni kidogo. Chembechembe kwenye picha zipo kwa sababu ya ISO hiyo, zinavumilika. Flashi izimwe kabisa, inampiga dereva machoni. Kamera za ulinzi na chumba cha ishara (kinachoongoza taa na njia za treni) visiingie kwenye fremu, hapo ndipo maswali huanzia. Kupiga picha darajani bado sijaruhusiwa, wanataka kibali kingine.