Naombeni ushauri: Jumapili asubuhi Paris, niende soko gani na bei zinapatanwa?

Bi Mkubwa wa Tabata:
Habari za jioni wakuu. Mwezi wa tano nitakuwa Paris kikazi, na siku pekee nitakayokuwa huru ni Jumapili, tena asubuhi tu. Nitafikia kwa binti wa shangazi yangu karibu na kituo cha treni cha Gare de Lyon, na nimeshajitia kimbelembele kuahidi pilau ya kuku mchana wake. Nataka ninunue sokoni, siyo supamaketi. Wazoefu wa huko nielekezeni: soko gani, niamke saa ngapi, na je, bei zinapatanwa kama Kariakoo au nitaonekana kituko? Kuku awe halali tafadhali. Kifaransa changu ni cha kuombea maji.

Mzaramo Ughaibuni:
Dada, kwa hapo ulipo soko lako ni Aligre, mtaa wa 12, unaenda kwa miguu. Liko wazi asubuhi kila siku isipokuwa Jumatatu. Kuna sehemu tatu: meza za matunda na mboga barabarani, soko la ndani linaloitwa Beauvau (nyama, samaki, jibini, bei zimechangamka), na katikati ya uwanja wauza vitu vya mtumba, vikombe, vitabu, taa za kizamani. Mboga nunua nje. Wauzaji wengi wa nje wana asili ya Afrika Kaskazini, wanaita wateja kwa sauti mpaka utajisikia uko nyumbani. Bizari nyembamba na mdalasini havikusumbui, na bucha zenye maandishi ya halali zipo hapohapo jirani.

Ukitaka soko la kupiga picha, nenda Bastille, barabara ya Richard-Lenoir, Alhamisi na Jumapili tu. Meza zimepangwa juu ya mfereji wa Saint-Martin, maji yanapita chini ya miguu yako na wala huyaoni.

BabaJunior_Mbagala:
Kupatana bei sahau. Kibao kimeandikwa bei, ndiyo hiyo. Ila kuna saa. Ukienda saa tatu unapata vitu vizuri kwa bei kamili. Ikishapita saa saba mchana wanaanza kufungasha, na hapo utasikia masanduku mawili ya stroberi yanauzwa kwa bei ya moja bila wewe kufungua mdomo. Wewe una pilau ya mchana kwa hiyo saa saba haikufai, nenda mapema ukubali bei.

Soma kibao vizuri. Kingine ni bei ya kilo, kingine ya kimoja kimoja, kingine ya fungu. Parachichi na embe ndiyo wanaponasa wageni.

Nyota ya Pemba:
Mwenzangu amesahau jambo kubwa kuliko bei: usiguse. Ukianza kubonyeza maparachichi ya watu kama uko Darajani utaona sura inavyobadilika. Kwanza bonjour, usubiri zamu yako, halafu useme unachotaka. Mimi napenda wanavyouza tikiti: muuzaji anakuuliza utalila leo au kesho, kisha analinusa pale kwenye kikonyo, analibonyeza kwa kidole gumba, anarudisha, anachukua jingine. Mwachie kazi yake, mara nyingi anajua.

Na tahadhari kwa Muislamu mwenzangu. Utaona kuku wanazunguka kwenye mashine, mafuta yanadondokea viazi chini, harufu inakuvuta toka mtaa wa pili. Asiye na alama ya halali mwache, na hata viazi viache, kwa sababu mashine hiyohiyo wengine wanachomea nguruwe.

Mkulima wa Mwea:
Nacheka tu. Mkiona maharage mabichi membamba, angalieni kibao: sheria inawataka waandike nchi yalikotoka, na mara nyingi imeandikwa Kenya. Huku Kirinyaga tunayachuma, nyinyi mnapanda ndege kwenda kuyanunua kwa yuro!

BabaJunior_Mbagala:
@Mkulima wa Mwea hahaha, kweli kabisa. Na msidhani kila aliye nyuma ya meza ni mkulima. Paris wengi wananunua Rungis, soko la jumla kusini mwa jiji, lililochukua nafasi ya Les Halles, soko kuu la zamani la katikati ya jiji, mwaka 1969. Mkulima mwenyewe huandika "producteur", na meza yake haina maembe wala ndizi. Ina vya msimu tu. Mwezi wa tano tafuta asparaga na stroberi aina ya gariguette, zile nyembamba ndefu. Ghali, lakini onja.

Kaka Ubungo:
Kwa nini asiende Château Rouge, kwenye maduka ya Kiafrika? Ndizi za kupika, mihogo, bamia, vyote vipo.

Nyota ya Pemba:
Kaka, amesema pilau. Atoke Gare de Lyon mpaka mtaa wa 18 kufuata mihogo?

Mzaramo Ughaibuni:
Nyongeza: beba kikapu, mifuko ya plastiki ya kutumia mara moja ilipigwa marufuku tangu 2016. Beba na sarafu, wengine hawapokei kadi kwa kiasi kidogo. Na usichelewe ukitegemea supamaketi, baadhi Jumapili zinafunga saa saba mchana.

Bi Mkubwa wa Tabata:
Asanteni sana, Aligre saa tatu. Iliki vipi, nitaipata?

Nyota ya Pemba:
Toka nayo Dar, na karafuu pia, huku wanakuuzia kichupa kidogo kwa bei ya kuudhi. Mchele usihangaike, basmati ipo.