Mfuko wa wanafunzi kwa biashara za kijamii: hisa au mkopo?

Swali: Wakuu, mfuko wa wanafunzi wenye 30,000 za kuwekeza kwenye biashara za kijamii (zinazouza ili kutatua tatizo la jamii) ununue hisa au ukopeshe? Na wasimamizi wakihitimu, nani anabaki kudai?

Jibu 1: Kopesheni. Hisa za kampuni changa hukaa miaka mingi bila mnunuzi, na shirika lisilogawa faida kwa kawaida halina hisa za kuuza. Mkopo unaolipwa kwa asilimia ya mauzo unafaa, ila pigeni hesabu kwanza. Mmetoa 10,000, mrudishiwe 13,000 kwa 5% ya mauzo. Mauzo yakiwa 4,000 kwa mwezi, mnapokea 200, yaani miezi 65! Waliosaini wameshaondoka zamani. Kwa 8% mnapokea 320, kama miezi 41.

Muulizaji: Basi si tuweke 12% tumalize mapema?

Jibu 1: Angalia faida ghafi kwanza, yaani kinachobaki baada ya kulipia bidhaa zenyewe. Anayebakiwa na 15 katika kila 100 ya mauzo, na humohumo alipe mishahara na pango, ukimchukulia 12 umemuua. Hata 8 itambana. Huyo mpunguzieni mkopo, msimpandishie asilimia.

Jibu 2: Kabla ya asilimia, nani anasaini? Klabu kwa kawaida haitambuliki kisheria, kwa hiyo mkopeshaji awe chuo au taasisi yake ya wakfu. Social Venture Fund, mfuko wa aina hii wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ulioanza 2009, unaendeshwa na wanafunzi lakini uko ndani ya shule ya biashara ya chuo.

Uchunguzi wa biashara kabla ya kukopesha nao: ombeni taarifa za benki za miezi 12 mzilinganishe na ankara. Jedwali la makadirio halithibitishi kitu. Vipimo vya manufaa kwa jamii viwe viwili, ambavyo mwenye biashara tayari anavihesabu. Mkimpa fomu ya vipimo 30 atajaza chochote ili mmwache afanye kazi.

Jibu 3: Marejesho hukatika wakati wa likizo. Mwezi mmoja haukulipwa, hakuna aliyepiga simu, wa pili mdaiwa anaona hamjali. Wekeni agizo la kudumu benki (malipo yahamishwe yenyewe kila mwezi), na mtumishi mmoja wa chuo apate nakala ya kila malipo. Wasimamizi wapya waingie muhula mmoja kabla ya wa zamani kutoka, na wapigie wadaiwa wakiwa pamoja. Faili lenye mkataba na ratiba halitawaambia ni mdaiwa yupi hulipa tarehe 10 badala ya tarehe 1.