Vigae vyangu vimezuiliwa mpakani

Mama wa Kajjansi:
Ndugu zangu, nawasalimu. Nilinunua Dar es Salaam maboksi 42 ya vigae vya sentimita 60 kwa 60 kwa ajili ya nyumba tunayoimalizia hapa Kajjansi, Uganda, na tangu Jumatatu gari limezuiliwa mpakani. TIN (namba ya mlipakodi) ninayo, ankara ninayo na cheti cha asili, kinachoonyesha bidhaa imetengenezwa wapi, ninacho, lakini afisa anasema ankara imeandikwa "marumaru" na shehena si marumaru. Naomba mwenye uzoefu anieleze nipeleke karatasi gani, na pia kama vigae hivi vitadumu, kwa sababu fundi ameanza kunitia hofu.

Mkazi wa Ntinda:
Pole sana, dada. Mwaka juzi niliingiza milango ya mninga na nilikaa siku tisa nikizungushwa dirisha hili na lile, hadi nikalala ndani ya gari. Shikilia cheti chako cha asili, kwa sababu ukiwa nacho hutozwi chochote. Kuhusu sakafu, ningekuwa wewe ningemwaga terazo, yaani saruji yenye vipande vya mawe iliyosagwa ikalainika, ambayo ikichakaa husagwa upya, ilhali kigae kikipasuka huwezi kupata tena chenye rangi ileile.

Mzee wa Jinja, fundi mstaafu:
Ndugu wa Ntinda asitupotoshe. Cheti cha asili huondoa ushuru wa forodha peke yake. VAT ya asilimia 18 iko palepale. Halafu marumaru ni jiwe, na forodha huliweka katika namba ya bidhaa 6802, wakati vigae vya udongo wa kuchomwa viko 6907. Ninajua kwamba kwetu sote kila kigae kinaitwa marumaru, lakini ankara si mahali pa mazoea.

Mwanangu wa Kajjansi, ndani ya hiyo 6907 vigae hugawanywa kwa kiasi cha maji vinavyonyonya: visivyozidi asilimia 0.5, vinavyozidi hapo hadi asilimia 10, na vinavyopita 10. Kipimo hichohicho ndicho kitakachokueleza uimara wa sakafu yako. Geuza kigae kimoja, dondosha maji mgongoni, kisha ungoje dakika chache. Tone likibaki limesimama, hiyo ni poseleni na itastahimili. Likizama na kuacha doa jeusi, kigae hicho ni cha ukutani au cha chumba kisichopitwa sana. Kama kimepakwa rangi ya kung'aa juu, tafuta kwenye boksi daraja la PEI, yaani kipimo cha jinsi uso wake unavyostahimili kukwanguliwa, na kwa sebule usikubali chini ya 4, kwa sababu vumbi letu jekundu lina mchanga unaokwangua kama msasa.

Mtanga wa Entebbe:
Shikamoo mzee. Mimi nilinunua poseleni halisi na bado vinavunjika, kwa kuwa fundi aliweka mafungu matano ya saruji chini ya kila kigae badala ya kuitandaza yote. Ukigonga kwa sarafu katikati ya mafungu unasikia uwazi, na mguu wa kitanda ulipokalia hapo, kigae kilipasuka. Tena fundi hakuacha hata milimita mbili kati ya kigae na kigae.

Kwa mama yangu Tanga sakafu ni ya saruji nyekundu, iliyosuguliwa kwa nta na kumbi la nazi kila Ijumaa, na mpaka leo haina ufa. Ninaukumbuka ubaridi wake miguuni kila ninapofagia vipande vyangu. Inaniuma pia kwamba Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza kutumika Julai 2010, na bado mama mwenye maboksi 42 hawezi kuvuka.

Mkazi wa Ntinda:
VAT ninaijua, mzee. Nilikuwa ninazungumzia ushuru. Dada, kama thamani haikuzidi dola 2,000, uliza kuhusu cheti kile chepesi cha wafanyabiashara wadogo, ingawa hutolewa kwa bidhaa zilizo kwenye orodha tu.

Mama wa Kajjansi:
Ninawashukuru. Dereva amedondosha maji kwenye vigae vitatu na matone yote yamesimama, kwa hiyo nimemwambia fundi atandaze saruji yote na aache nafasi. Muuzaji anasema ankara imeshafungwa na hawezi kuandika nyingine. Je, kuna aliyewahi kusahihisha jina la bidhaa akiwa tayari mpakani?