Akili mnemba ichezee khati zetu?

Mleta mada, Mombasa: Wakuu, nina dukuduku. Kila nikifungua simu nakutana na picha za akili mnemba: herufi za Kiarabu zinayeyuka kama samli juani, zambarau juu ya chungwa, mpaka kichwa kinazunguka. Chini wameandika "khati ya Waswahili". Fulana zinachapwa, zinauzwa. Nimeikuza moja, hamna hata neno. Nukta zimemwagwa kama ufuta juu ya mkate! Mimi naona ni dhihaka. Nyinyi je?

Mchora mabango, Dar: Tangu lini bango likalazimika kusomeka upesi? San Francisco, 1966 na 1967, Wes Wilson alichora mabango ya muziki yenye herufi zilizovimba kama ndimi za moto. Na umbo lenyewe alilikopa kwa mchoraji Alfred Roller wa Vienna. Mchoraji Ibrahim El-Salahi wa Sudan naye, miaka ya 1960, alizivunja herufi za Kiarabu zikazaa pembe na sura za wanyama. Mbona yeye hamsemi amedhihaki?

Maalim wa khati, Lamu: Mwanangu, umejijibu. Bango la Wilson lilikuchosha macho, lakini jina la bendi lilikuwemo. El-Salahi alianza na herufi tangu utotoni, katika chuo cha Kurani cha babake, ndipo akazivunja. Mashine hiyo imevunja nini? Haijui kama pale pana neno. Inakisia sura ya maandishi tu. Herufi alifu haishikani na herufi inayoifuata, mashine inaishikisha. Be hubadilika umbo mwanzo, kati na mwisho wa neno, yenyewe inaichora vyovyote. Na Kiswahili chetu kikiandikwa kwa herufi hizi kina mambo yake, pe ya nukta tatu chini, haya inayapata wapi? Muhamadi Kijumwa wa hapa Lamu alinakili tenzi na kuchonga milango kwa mkono ule ule. Mkono ulijua unachoandika.

Bibi wa kanga, Unguja: Mie sijui hayo ya Vienna. Kanga ina jina. Niuzie yenye jina lisilosomeka uone kama sijakurudishia.

Mwanafunzi, Nairobi: 😂 Basi tuifundishe kwa miswada ya zamani.

Mleta mada: Kwa idhini ya nani? Mingine iko majumbani mwa watu, wamerithi kwa mababu.

Mchora mabango, Dar: Hapo sibishi. Ila hamjaniuliza mimi nafanyaje. Neno naliandika mwenyewe kwa kalamu ya mwanzi, nalipiga picha, naipa programu kama kiunzi. Rangi na mawimbi ni vyake, herufi ni zangu. Ikizigusa, natupa, naanza upya. Jana nimetupa kumi na moja.

Maalim wa khati, Lamu: Lete hiyo ya kumi na mbili. Nikilisoma neno, sina neno.